Krimu ya Stesheni ya Bati

Jumatatu, 3 Februari

Nimechanganya kijivu cha pikapu ya mwalimu mara ya tatu. Mwishowe kimekaa sawa. Zamani ningekipata mara ya kwanza, tena nikipiga gumzo na mtu mwingine. Naandika hapa ili nisijidanganye.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi kwenye rangi mbichi. Nimepaka na kufuta, nimepaka na kufuta.

Saa nane akaja Mama Galgalo wa mtaa wa Chechelesi, mjane wa yule karani wa reli. Alikuwa amekumbatia sanduku la bati. Nilidhani ndani ni vyombo. Kumbe ni stesheni! Stesheni ya kuchezea, ya bati, urefu wa mkate. Kuta za krimu, paa jekundu, milango ya kijani. Pamoja nayo tangi la maji, kibanda cha ishara, geti la kuzuia magari na ghala la mizigo lenye milango miwili. Vitu vidogo, lakini aliyevitengeneza hakuwa na mzaha. Hata bawaba zimechorwa.

Habari yake ni hii. Marehemu mumewe alifanya kazi Nairobi na rafiki yake mmoja Mgoa, Mzee Fernandes. Walinunua seti nzima ya treni ya kuchezea kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Wakagawana. Fernandes akachukua treni, reli na daraja moja la watu. Mumewe akachukua majengo yote. Mji huu haujaona treni hata siku moja, na stesheni imekaa miaka yote hiyo jikoni Chechelesi juu ya rafu.

Mwaka jana paa la jikoni lilivuja. Kutu ikala ukuta wa nyuma wa stesheni, nusu ya paa lake na mlango mmoja wa ghala. Fundi bati amekata vipande vipya, amevifunga vizuri, lakini viko uchi, vinameta kama sufuria mpya. Fernandes anakuja Isiolo tarehe 22 na treni zake. Wamepatana kwa simu: viwekwe pamoja mara moja kabla hawajafa.

"Nataka mtu asijue gani ni mpya," Mama Galgalo alisema. "Huyo wa mashine nimempita kwa mlango. Mashine haijui bwana yangu."

Huyo wa mashine ni Mutwiri. Alifungua duka ng'ambo ya barabara mwaka juzi. Anabandika kidude kwenye gari, kinapiga picha, kinatoa hesabu ya rangi. Tangu aje, watu wanasema macho ya Mama Rangi yamezeeka. Mama Rangi ni mimi. Nina miaka hamsini na saba, na nimechanganya kwa macho matupu tangu nikiwa na ishirini na nne.

Nimekubali kazi. Na nimejiwekea sharti, liko hapa kwa maandishi: nikishindwa na hivi vya kuchezea, nafunga duka. Sitaki kuwa yule mzee ambaye watu wanamwonea huruma na kupeleka kazi kwingine kimya kimya.

Jumanne, 4 Februari

Nimeigeuza stesheni juu chini. Kwanza huwa naangalia kitako, mahali jua halifiki, kwa sababu rangi ya juu husema uongo. Kitako na kuta, krimu ile ile. Nikaridhika.

Krimu ndiyo rangi ya kiburi kuliko zote. Nyekundu ukikosea inakusamehe. Krimu inakuanika mbele ya watu. Nyeupe, njano ya udongo, kahawia matone mawili, nyeusi kidogo sana. Rangi ikiwa mbichi ni moja, ikikauka ni nyingine. Vifuniko tisa vya makopo vimejipanga dirishani vinakauka.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeipata. Kifuniko cha kumi na nne. Nimekiweka ukutani mwa stesheni, nje, saa sita, jua la kukausha nyama. Hakuna mpaka. Kijani nacho nimekipata, na wekundu wa paa. Nikapaka vipande vyote vipya, praima ya kushikia rangi kwanza, kisha mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine.

Najisikia msichana. Nilipita mbele ya duka la Mutwiri bila sababu yoyote, kuringa tu. Jioni nikamtumia Fernandes picha. Mama Galgalo alikuwa amenipa namba yake.

Ijumaa, 7 Februari

Fernandes amepiga simu. Sauti ya upole, ndiyo mbaya zaidi. Anasema lile daraja lake halijawahi kutolewa kwenye boksi lake ila mara chache, na ni la kiwanda kimoja na stesheni, krimu moja. Daraja lake linakaribia weupe wa maziwa. Rangi yangu ni chai.

Nikamwambia picha za simu zinadanganya. Alijua hilo. Akaniambia niweke karatasi nyeupe kando ya stesheni, nipige tena, na yeye afanye hivyo hivyo. Tukafanya. Kwenye picha yake karatasi na daraja ni ndugu wa tumbo moja. Kwenye yangu, karatasi nyeupe, na ukuta wangu chai ya rangi imemwagiwa maziwa kijiko kimoja.

 Nilikaa juu ya ndoo ya putty mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Naogopa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefumba jicho la kushoto, nikafumba la kulia. Nimerudia mara ishirini. La kushoto linaona njano zaidi. Au la kulia. Nimesikia kwamba macho ya mzee huingia umanjano kama karatasi iliyokaa dirishani. Akili inaniambia jicho la njano lingeona vyote njano, cha zamani na changu, kwa hiyo bado vingelingana. Najua. Hofu haisikii hesabu.

Nimemrudisha mtu mmoja aliyetaka bluu ya tuktuk. Nimemwambia nyeupe imeisha. Uongo. Aibu juu ya aibu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa natazama mashati ya kwaya, yapi meupe, yapi yamefuliwa na soksi. Nikamwomba Mungu macho tu, mengine atajua mwenyewe.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimemeza kiburi, na kilikuwa kikubwa. Nimevuka barabara, stesheni imefungwa kwenye leso, nikaingia kwa Mutwiri. Nilimwomba anisomee rangi ya ukuta wa mbele, ule wa zamani. Sikumwambia sababu.

Lazima niseme kweli, hakunicheka. Aliosha mikono kwanza. Akakibandika kile kidude mahali patatu, akachanganya kikopo kidogo, akapaka kwenye kipande cha bati, akakikausha. Nikatoa kwenye mkoba kifuniko changu cha kumi na nne, nikakiweka kando.

Kimoja. Kitu kimoja kabisa.

Mutwiri alivigeuza geuza mpaka akachanganyikiwa kipi ni chake. "Mama, hii umetoa wapi?" aliniuliza. "Hii si ni yangu?"

"Ni yangu," nilimwambia. "Nimetoa kwa kichwa."

Nimerudi dukani nikitembea katikati ya barabara, bodaboda wanapiga honi, sikujali. Mashine mpya na macho yangu ya miaka hamsini na saba yameona kitu kile kile. Basi macho ni mazima! Anayedanganya ni stesheni yenyewe. Ina kitu juu yake. Kitako, kuta, milango, kila mahali. Sasa ni kitu gani?

Jumanne, 11 Februari

Vanishi, nilifikiri. Nikajaribu thina, ile ya kuyeyushia rangi, kwenye kona ya kitako kwa ncha ya pamba. Thina ikala vanishi, ikala krimu, ikafika kwenye bati. Haraka hivyo. Kidonda cha ukubwa wa dengu, kwenye kitu cha marehemu, kwa mkono wangu.

Mjinga mkubwa. Fundi wa siku ya kwanza asingefanya hivyo.

Nimefunga kila kitu sandukuni. Kesho naenda kumwambia mwenyewe. Bora anisikie mimi kuliko aone.

Jumatano, 12 Februari

Niandike polepole, nisiache kitu.

Nilifika kwa Mama Galgalo saa nne. "Salaam aleikum," akaniambia, kama kila siku, ingawa anajua ninakosali. Nilikuwa nimejiandaa kusema mlangoni nimalizane na aibu. Hakunipa nafasi. Mgeni kwanza hula buna, ile kahawa ya punje nzima inayokaangwa kwenye samli. Nikaketi kwenye kigoda. Akalifungua sanduku, akatoa tangi la maji, akaliweka kando yake kama mtu anayemkalisha mtoto.

Nikamwambia kuhusu kile kidonda. Alikitazama, akakigusa. Akasema hata yeye ana makovu mengi kuliko hayo. Akaendelea kukaanga.

Punje zikapasuka, samli ikanukia nyumba nzima. Akaomba dua, nami nikaitikia amina zake. Tukala. Kisha akachovya vidole kwenye samli iliyobaki, akajipaka mikononi na kwenye paji la uso, akanipaka mimi mikononi. Hayo nayajua, nimeishi na Waborana maisha yangu yote. Halafu, bila hata kutazama, akachovya tena na kulipaka tangi. Juu, pembeni, chini. Akalizungusha kiganjani vizuri, kila mahali.

Nilisahau kumeza.

Nikamuuliza anafanya nini. Alishangaa kwamba nauliza.

"Alikuwa anakaa hapo," alisema, akionyesha kigoda changu. "Alienda, lakini vitu yake iko. Nitajipaka mimi peke yangu?"

Miaka kumi na tisa tangu mumewe afe. Kila buna. Samli juu ya samli, na moshi wa jikoni juu ya samli, na samli tena. Nilichokilinganisha kwa ustadi mkubwa, mimi pamoja na mashine ya Mutwiri, si rangi ya kiwanda chochote. Ni rangi ya samli ya Mama Galgalo!

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka kwa sababu nacheka, mpaka nikamweleza, ndipo akaacha.

Maana hapo palikuwa na jambo. Kuitoa samli ni kutoa dua zake zote za miaka kumi na tisa kwa pamba na kuzitupa kwenye ndoo. Nilimwambia hivyo hivyo, wazi. Nikamwambia pia kwamba naweza kuacha ilivyo, maana vipande vyangu vinalingana na samli barabara, na daraja la Fernandes ndilo litakaloonekana geni. Ningekuwa sijashindwa. Lakini nilitamani aseme toa. 

 Akalifuta tangi kwa ncha ya leso, akaliinua dirishani.

"Mimi sijawahi kuona vile aliileta nyumbani," alisema. "Macho ilikuwa kwa yeye, si kwa hii vitu. Toa. Dua ilishaingia kwa bati."

Alhamisi, 13 Februari

Nimeanza na uhakika kabla ya pamba. Chini ya paa la stesheni bati limekunjwa, kuna mfereji mwembamba ambao kidole hakiingii. Nimelegeza kunjo kwa kisu cha mezani, taratibu, pumzi nimeishika. Ndani mna krimu. Krimu yenyewe! Nyepesi, baridi, karibu na maziwa. Mzee Fernandes yuko sahihi, Mungu amweke.

Thina haikaribii tena. Mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, subiri, zungusha bila kusugua, kisha maji vuguvugu na sabuni ya kipande. Pamba ya kwanza ilitoka kahawia. Ya tano njano. Ya kumi safi.

Na chini yake? Rangi nzima, inang'aa, haina mkwaruzo. Hapa ndipo nilipokaa chini. Jikoni lenye moshi, miaka kumi na tisa, paa linalovuja, na bati halijaoza ila pale maji yalipotuama. Samli iliyonidanganya ndiyo iliyoilinda. Nimempigia Mama Galgalo kumwambia. Alijibu, "Si nilikwambia kitu ya heshima haiachwi kavu?" Hakuwa ameniambia. Nimemwachia.

Ijumaa, 14 Februari

Kibanda cha ishara na geti vimeoshwa. Vidole vinanuka mafuta ya taa. Chakula pia.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekwangua rangi yangu yote ya zamani kutoka vipande vipya. Kazi nzuri iliyolingana na kitu kisicho sahihi. Iliniuma kidogo tu.

Kijani cha kweli kina bluu ndani yake, samli iliificha. Nimekipata kwa kifuniko cha tatu. Wekundu wa paa umeamka, ni wa tofali jipya. Kifuniko cha pili.

Krimu inanikataa. Nyeupe na njano ya udongo, karibu kabisa, lakini ukiiweka kando ya ukuta inaonekana mgonjwa. Nikapunguza njano. Bado mgonjwa. Nimefika kifuniko cha kumi na moja. Siogopi, nimekasirika, na hiyo ni tofauti kubwa.

Jumatano, 19 Februari

Wekundu! Kuna wekundu ndani ya krimu ile. Mdogo kiasi kwamba hauonekani, unasikika tu, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Nilichovya ncha ya sindano kwenye nyekundu, nikaigusisha kwenye kikopo, nikakoroga. Rangi ikapona mbele yangu. Nilipiga kelele, fundi viatu wa jirani akaja mbio na nyundo.

Mutwiri naye alivuka barabara kuja kuona. Alileta kidude chake, kwa ruhusa yangu, akakibandika kwenye ukuta uliooshwa. Hesabu yake haikuwa na wekundu wowote. Akachanganya, akapaka, akaweka kando. Mgonjwa. Nikampa ile sindano. Amekaa hapa saa nzima ananiuliza nilijuaje. Sijui nilijuaje. Nimemwambia aje siku za Alhamisi, mchana kukiwa kimya, tutazame pamoja.

Alhamisi, 20 Februari

Praima. Mikono miwili ya krimu. Kijani, mkono mmoja na nusu. Paa. Kidonda cha dengu kimezibwa. Nimeweka alama ya penseli upande wa ndani wa kila kipande nilichopaka mimi, maana kesho kutwa lazima niweze kuthibitisha.

Jumamosi, 22 Februari

Wamefika saa tano na nusu, Mzee Fernandes na binti yake. Mwembamba, fimbo, kofia, koti katika joto hili. Mama Galgalo alikuwa tayari dukani tangu saa tatu, amevaa nguo ya Idd. Wale wawili walishikana mikono. Nilijifanya natafuta brashi.

Kisha kazi. Nilitoa pipa nje, mahali pasipo na kivuli, nikalitandika kitambaa cheupe, nikapanga stesheni na ghala. Mutwiri akaja, fundi viatu akaja, watu wa stendi ya magari ya jirani wakaja. Fernandes akafungua boksi lake lililochakaa, akatoa daraja, akaliweka katikati. Nilitazama krimu ya daraja, nikatazama krimu ya ukuta, na moyo ukatulia kabla hajasema neno. Lakini nilitaka aseme.

Alitoa lenzi. Alizunguka pipa mara tatu. Akaing'oa milango miwili ya ghala kwenye vishikio vyake, akaishika mmoja huku mmoja huku, akaisogeza puani.

"Huu ndio mpya," alisema, akiinua wa mkono wa kulia. "Samahani, mama. Kijani kimependeza sana, lakini kimependeza kupita kiasi."

Nikamwambia augeuze. Hapakuwa na alama. Ni mlango wa kiwandani.

Watu walipiga makofi. Akaomba kujaribu tena, kwa ukuta. Akachagua wa mbele. Wa kiwandani. Paa akalitazama, akalitazama, akafunga lenzi na kuirudisha mfukoni. Akavua kofia. Mbele ya stendi nzima, mzee wa watu, akanivulia mimi kofia. Mama Galgalo akapiga kigelegele kirefu kilichowashtua mbuzi waliokuwa wakishushwa kwenye lori.

Nimelia, ndiyo. Hadharani. Na sijali hata kidogo. Nilikuwa na haki ya kulia na nimeitumia yote.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya ibada nilikwenda Chechelesi. Wameondoa viti, reli imelala juu ya mkeka. Treni ilizunguka na mlio mdogo. Ikapita chini ya daraja, ikasimama stesheni. Mzee Fernandes na Mama Galgalo wameketi sakafuni kila mmoja upande wake, wanaifuata kwa macho.

Nilichuchumaa karibu na ghala kuutafuta mlango wangu. Fernandes aliirudisha milango mwenyewe jana, sikuona upi aliuweka wapi. Nilitazama wa kushoto. Nilitazama wa kulia. Nilisogea dirishani kwenye mwanga, nikarudi. Macho ni haya haya, na hayakuuona.

Ndani ya mmoja kuna alama ya penseli. Ningeweza kuufungua nijue. Niliuacha umefungwa, nikanywa chai yangu. Kesho nafungua duka saa mbili.